Unaitwa Mara ya Tatu

Mama Pasi alikuwa na ndoto moja iliyomzoea. Katika ndoto hiyo mahakama haikuwa na watu, ilikuwa na mafaili tu. Yalilala juu ya rafu, chini ya meza, kwenye ngazi, mpaka kwenye vizingiti vya madirisha, yamejifunika vumbi kama watu waliojifunika shuka, na yalikuwa yakipumua. Yeye alipita katikati yao akinyata, akiinamia moja baada ya jingine, akitafuta lake. Kila alipokaribia kulipata, faili liligeukia upande wa pili likaendelea na usingizi.

Akiamka alisali, kisha akawasha mkaa.

Kazi yake ilikuwa kunyoosha nguo za watu. Alikuwa na meza ndefu kibarazani, blanketi kuukuu juu yake, bakuli la maji ya kunyunyiza, na pasi ya mkaa yenye kijogoo cha shaba kinachobana mfuniko. Sare za manesi zilipita hapo, na mashati ya walimu, na suruali za watu wanaokwenda kuomba kazi. Mvuke ulipopanda ulimfunika uso, na ndani ya mvuke ule Mama Pasi alikuwa na tabia ya kusikiliza. Alisikiliza ukuta uliokuwa nyuma yake.

Nyumba ile ilikuwa na vyumba vitatu vilivyoshikana mstari mmoja, na kuta zake za mbao zilikuwa nyembamba kiasi kwamba zamani mtu akikohoa huku, aliambiwa pole kutoka kule. Chumba cha kwanza kilikuwa chake. Cha mwisho kilikuwa cha wifi yake, dada wa marehemu mumewe, fundi cherehani. Katikati yao kulikuwa na chumba cha redio, na hicho ndicho kilichowafikisha mahakamani.

Marehemu alikuwa fundi redio. Siku aliyoanguka alikuwa ameiacha redio moja tumbo wazi juu ya meza, koti lake kwenye msumari, na kikombe cha chai alichokinywa nusu. Watu wa msibani walikuwa hawajakunja hata mikeka, wifi akasimama mlangoni akasema hiki ni chumba cha mama yetu, kaka alikiazima tu. Mjane akajibu kwamba hakuna atakayehamisha hata msumari mle ndani. Maneno yakazaa maneno. Mwisho wake wifi alifungua shauri, na hakimu wa kwanza, mtu wa haraka, akatoa amri kwamba hali ibaki kama ilivyo mpaka shauri litakapoamuliwa. Chumba kikafungwa. Ufunguo ukachukuliwa kutoka mkononi mwa Mama Pasi, ukaenda kutunzwa pamoja na mafaili. Hakimu akahamishwa.

Baada ya hapo hali ilibaki kama ilivyo kwelikweli.

Hakimu wa pili alikuja akaugua. Wa tatu alikuja faili likawa halionekani. Lilipoonekana, umeme ulikuwa umekatika na karani hakuweza kuchapa. Mara shahidi yuko safarini, mara paa linavuja, mara hakimu yuko semina, na semina yenyewe, watu walisema, ilihusu namna ya kuharakisha mashauri. Watoto waliokuwa wakitambaa pale mtaani shauri lilipofunguliwa sasa walikuwa wakinyolewa ndevu.

Kila aliposali Mama Pasi aliomba shauri liishe, ufunguo urudi. Lakini Mungu anayesikia hata yasiyotamkwa alijua kwamba chini ya dua hiyo kulikuwa na nyingine ndogo, imejificha kama sarafu kwenye pindo la khanga: chumba kibaki vilevile. Maana mradi mlango umefungwa, koti lilikuwa bado kwenye msumari. Kikombe kilikuwa bado na nusu yake. Ilikuwa kana kwamba mwenyewe ametoka mara moja tu, kwenda kununua waya, anarudi. Wakati mwingine, katikati ya mvuke, Mama Pasi alisikia redio moja mle ndani ikijisafisha koo.

Nyumbani yeye na wifi hawakusemeshana. Walipishana kwenye bomba la maji kama watu wawili wasiojuana lugha. Siku za kesi walitoka asubuhi, mmoja mbele, mwenzake nyuma, wakaenda njia nzima hivyohivyo. Lakini wakishafika mahakamani waliketi benchi moja, lile refu la nje ya mlango wa hakimu, na benchi lile lilikuwa nchi nyingine isiyokuwa na vita.

"Wifi, sogea, jua linanichoma."

"Nisogee wapi, nikampakate mlinzi?"

"Mpakate. Amenenepa, hatakuumiza."

Hapo walisimuliana habari za mtaa mmoja waliokuwa wakikaa wote, kana kwamba kila mmoja anatoka mbali. Wifi alisinzia begani mwa Mama Pasi. Mama Pasi alimshikia mkoba. Kisha mlango ulifunguka, akatoka Mzee Sauti.

Mzee Sauti ndiye aliyekuwa akiita watu. Mtu mwembamba, shati jeupe lililonyooshwa na Mama Pasi mwenyewe, lakini alipojaza kifua akaita jina, njiwa wa kwenye paa waliruka. Aliita mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, kwa utaratibu uleule, na mwenye jina alitakiwa asimame aitike, "Nipo, mzee." Asiyeitika mara ya tatu, shauri lake lilikuwa hatarini. Mawifi hawa wawili hawakuwahi kukosa. Waliruka juu pamoja kama wanafunzi, wakaitika, wakaingia, wakaambiwa limeahirishwa, wakatoka.

"Poleni, mabinti," Mzee Sauti aliwaambia wakitoka. "Na mimi mnipe pole. Redio yangu imo mle ndani, nilimpelekea marehemu aitengeneze. Mji mzima huu ni mimi tu mwenye redio iliyowekwa rumande."

Kisha mambo yakaanza kubadilika polepole, kama mtu anayeamshwa kwa kushikwa bega.

Kwanza walionekana vijana wakibeba mafaili kwa mikokoteni, wakiyaingiza kwenye chumba kimoja ambako taa ya kijani ilipita chini ya mlango siku nzima, ikienda na kurudi. Mama Pasi alichungulia siku moja. Aliona karatasi inalazwa juu ya kioo, mwanga unaipitia kama mtu anayempapasa mgonjwa kipajini, karatasi inaondolewa, nyingine inalazwa. Usiku ule ndoto yake ilibadilika. Mafaili yalikuwa yamekaa kitako, yanapikicha macho.

Ni Mzee Sauti aliyemweleza, siku alipoleta mashati yake.

"Jaji mkuu ametoa mwongozo mpya," alisema, akijipepea kwa kofia. "Amesema mashauri yamelundikana mpaka yanataka kutoa watu nje. Sasa hakimu haahirishi ovyo, akizidisha anaandika kwa nini. Shahidi aliye mbali anaongea kwenye kioo, tunamwona mpaka meno. Na mashauri yote yaliyolala yanaulizwa moja moja: wewe, uko hai?"

"Na wewe mzee, kwenye hayo yote wamekuweka wapi?"

"Mimi wameniweka kwenye mashine."

"Wamekuweka vipi kwenye mashine?"

"Wamenifungia kwenye kichumba chenye magodoro ukutani, wakasema ita. Nikawauliza nimwite nani? Wakasema, wote." Akacheka, kisha akaacha kujipepea. "Nimewaita, Mama Pasi. Hakuna aliyeitika. Mtu unaita, na godoro linameza."

Mama Pasi alimwonea huruma, akamkunjia mashati vizuri zaidi. Hakulifikiria tena jambo lile.

Simu ililia alasiri moja yenye joto zito, ule wakati ambao hata nzi wanatua wakasahau walikokuwa wakienda. Mama Pasi alikuwa ananyoosha sare ya nesi, macho nusu yamefumba. Mikono yake ilikuwa imelowa, kwa hiyo alibonyeza kitufe cha kupokea kwa kifundo cha kidole, akaiacha simu ipige kelele juu ya meza kama alivyozoea.

"Mhusika wa shauri la chumba," ilisema sauti. "Unaitwa mbele ya mahakama, mara ya kwanza."

Alikuwa ni Mzee Sauti. Si mtu anayefanana naye, ni yeye, na kifua chake chote. Na kabla Mama Pasi hajapumua, sauti ileile ilitoka upande wa pili wa nyumba, nyuma kidogo ya ile ya kwanza, kwa wifi. Sauti mbili zikakutana katikati, kwenye chumba kilichofungwa. Mbao zikatetemeka. Ikawa kana kwamba redio zote mle ndani, zile zenye betri na zile zisizo na betri, zimewashwa kwa mkono mmoja, na zote zinamwita yeye.

Mama Pasi aliweka pasi chini akasimama wima, ingawa alikuwa amesimama tangu mwanzo.

"Nipo, mzee," alisema.

"Nipo, mzee," ilisema sauti ya wifi, ng'ambo ya chumba.

"Kama bado unalitaka shauri lako, bonyeza moja. Kama umeliacha, bonyeza mbili. Unaitwa mara ya pili."

Maneno ya kubonyeza aliyasikia, lakini yalimpita pembeni kama habari za mtu mwingine. Aliyeitwa na Mzee Sauti aliitika kwa mdomo, kisha akangoja mlango ufunguliwe. Ndivyo alivyofunzwa na benchi. Alitazama mbele yake, na mbele yake palikuwa na mlango wa hakimu, rangi yake ya kijivu, mpini wake uliolegea.

"Nipo, mzee."

"Nipo," kule ng'ambo.

"Unaitwa mara ya tatu."

Waliitika wote wawili kwa nguvu, na wifi alipandisha zaidi, kama mtu anayemwonyesha mwenzake. Kisha ikaja pumzi ndefu, kama upepo kwenye mtungi.

"Kimya chako kimepokelewa," ilisema sauti ya Mzee Sauti, kwa upole. "Asante."

Simu ikazima. Mama Pasi aliendelea kusimama mpaka harufu ilipomzindua. Pasi ilikuwa imekaa juu ya mkono wa sare ya nesi, na alipoiinua, aliona umbo lake limechorwa pale, la kahawia, lenye ncha.

Kesho yake asubuhi alitoka kwenda mahakamani, na alipogeuka barabarani alimwona wifi nyuma yake, amevaa nguo zake za siku za kesi. Hakuna tarehe waliyopewa. Walikwenda tu, mmoja mbele, mwenzake nyuma.

Benchi halikuwepo.

Pale lilipokuwa, ukuta ulikuwa na mstari mrefu wa weusi, alama ya migongo ya watu. Mahali pake palikuwa na viti vya plastiki na kioo kikubwa kinachopitisha namba. Watu walikuwa wachache. Walikaa muda mfupi, namba zao zikatokea, wakainuka wakaingia. Mama Pasi alisikia ukimya wa ukumbi ule, akajisikia kama mtu aliyeingia nyumba ya jamaa akakuta wamehama. Wakasimama kando ya ule mstari mweusi, yeye na wifi, wakitazamana.

"Wamelipeleka wapi?" wifi aliuliza, na hayo yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu kesi iliyopita.

"Sijui. Labda nalo wamelipiga picha."

Karani wa dawati la msaada, msichana mwenye miwani, aliwaita kwa mkono. Alichapa kidogo, akasoma, akachapa tena.

"Mdai ni nani?"

"Mimi," alisema wifi.

"Shangazi, mfumo unasema ulipigiwa jana ukanyamaza. Kwa mwongozo mpya, mdai akinyamaza mara tatu, shauri linafungwa."

"Mfumo ni nani?"

"Ni hii kompyuta."

"Basi iambie inasema uongo. Nilisimama kabisa. Nilivua hata kastabini kidoleni, kwa heshima."

"Ulibonyeza moja?"

"Nibonyeze nini, mwanangu, na mimi nimeshaitika? Tangu lini mtu akiitwa mahakamani anabonyeza?"

Karani alivua miwani akaipangusa. Hakucheka. "Mashine inasikia vidole tu, shangazi. Hata ningependa vipi." Akafungua mtoto wa meza, akatoa kimfuko cha plastiki, akakiweka juu ya dawati. Ndani yake mlikuwa na ufunguo. "Shauri likifungwa, amri nayo inakufa. Ufunguo unarudi kwa yule ambaye ulitoka mkononi mwake. Mama, ni wewe? Utaweka dole gumba hapa, uondoke nao."

Ulikuwa mdogo kuliko alivyoukumbuka. Katika dua zake zote ulikuwa mrefu, mzito, unang'aa. Huu ulikuwa na kutu kwenye meno na uzi mwekundu ambao mumewe aliufunga ili asiuchanganye na mwingine. Uzi ule ulikuwa bado mwekundu. Mama Pasi aliutazama mpaka dawati likaondoka, karani akaondoka, akabaki yeye na mlango wa chumba cha redio, na nyuma ya mlango mtu anakoroga chai.

"Hakuna njia yoyote?" Alikuwa wifi anauliza, kwa mbali.

"Ipo moja. Kama kuna mtu alikuwepo akakusikia ukiitika, mwongozo unaruhusu shauri lirudishwe. Watu wengi wamefanya kosa hilo, wale wa zamani hasa. Nani alikuwa na wewe?"

"Ninakaa peke yangu," wifi alisema. Alishusha mkoba wake chini, taratibu, kama mtu aliyefika mwisho wa safari na kukuta si penyewe. "Hakukuwa na mtu."

Hakuna aliyemtaka Mama Pasi aseme uongo. Alitakiwa kunyamaza tu, na maisha yake yote ameambiwa kuwa mwanamke kunyamaza ni adabu. Dole gumba lake lilikuwa limeshainuka. Hapo ndipo alipoisikia tena ile sauti ya jana, ya upole: kimya chako kimepokelewa. Akajiuliza, kimepokelewa na nani? Karani angekipokea. Kompyuta ingekipokea. Na jioni, yeye atakapotandika mahali pake pa kusalia akafunga macho, je, huko hakitakuwa kimeshafika kabla yake?

"Aliitika," alisema.

Karani aliinua macho. "Umesemaje, mama?"

"Wifi yangu aliitika. Mara zote tatu. Ile ya tatu alipandisha sauti kunishinda, ndivyo alivyo."

"Wewe ni nani kwake?"

"Ninayeshtakiwa naye."

Karani aliitazama kompyuta, akamtazama Mama Pasi, akarudi kwenye kompyuta. "Mdaiwa kuwa shahidi wa mdai," alisema polepole. "Hapa hakuna pa kujaza hivyo."

"Basi andika pembeni."

Karani akaandika pembeni. Kimfuko cha ufunguo kilirudi kwenye mtoto wa meza, na Mama Pasi alikisikia kikigonga mbao kule chini.

Wifi alikuwa bado amemgeukia. "Ulinisikia?"

"Kuta ni za mbao, wifi."

"Basi miaka yote hii umekuwa ukinisikia nikilia."

"Na wewe ukinisikia mimi."

Wifi alitikisa kichwa. "Mimi nilidhani ni redio," alisema.

Karani aliwapa mambo mawili wachague: kusikilizwa na hakimu wiki ijayo, na safari hii hakuna cha paa kuvuja, au kwenda kwa msuluhishi muda huohuo, yuko mlango wa pili, ana nafasi. Wifi alisema wiki ijayo ni mbali. Mama Pasi alishangaa kusikia neno hilo kutoka kwa mtu aliyezeeka naye benchini.

Msuluhishi alikuwa mwalimu mstaafu, na viti vya wageni wake alikuwa ameviweka upande mmoja wa meza, kimoja kando ya kingine. Hakuuliza chumba ni cha nani. Aliuliza kila mmoja anakitakia nini.

"Dirisha," alisema wifi. "Chumba kile kina dirisha la barabarani. Changu ni giza, na macho yangu yamekwisha. Siku hizi natunga uzi kwenye sindano kwa kubahatisha. Nataka mwanga tu, cherehani ikae pale."

"Na wewe, mama?"

Mama Pasi alifungua mdomo. Majibu aliyoyatayarisha, ya haki ya mjane na ya jasho la marehemu, aliyatafuta asiyaone. "Nataka kibaki," alisema.

"Kibaki cha nani?"

"Kibaki tu. Vitu vyake vikae alipoviweka."

Msuluhishi alinywa chai, akafikiri. Kisha akasema dirisha halina miguu na rafu hazihitaji mwanga. Aliwauliza hili na lile, meza iko upande gani, mlango unafungukia wapi. Kabla chai yake haijapoa mashine ilikuwa imetoa karatasi: cherehani chini ya dirisha, rafu na vitu vya marehemu kwa mjane visiguswe, ufunguo mmoja, mlango wa wote. Wakaweka dole gumba kwenye kioo kidogo, mmoja baada ya mwingine.

"Ndiyo hivyo tu?" wifi aliuliza, akikitazama kidole chake kama kimemsaliti. "Kwa hiki nilimaliza kandambili zote zile?"

Jioni hiyo Mzee Sauti alikuja nyuma yao, kofia mkononi, kuchukua redio yake. Kufuli ilikuwa imeshikana kwa kutu. Wifi alileta mafuta ya cherehani, akadondosha tone, wakangoja, akadondosha jingine. Mama Pasi aliuzungusha ufunguo, na mlango ukaguna, ukafunguka.

Jua la jioni liliingia mbele yao.

Mwanzoni alikiona chumba kama alivyokuwa akikiona siku zote: meza, rafu, redio zimepangwa, koti kwenye msumari. Vyote vilikuwepo. Vumbi lilielea katikati ya mwanga kwa utulivu, na kila kitu kilikuwa na rangi moja, rangi ya asali iliyokaa sana. Alipiga hatua moja, na kwa upepo ule mdogo wa hatua yake rafu ya juu ikaanguka. Haikuanguka kwa kishindo. Ilishuka kama unga, na redio zikashuka nayo, nyepesi, maganda matupu. Mchwa walikuwa wamekula mbao kutoka ndani, wakaacha ngozi tu. Walikula miguu ya meza. Ndani ya redio iliyoachwa tumbo wazi panya alikuwa amejenga, akalea, akahama. Kikombe kilikuwa kikavu, na chini yake, pale ilipokuwa nusu ya chai, yalikuwa mayai mawili ya mjusi, yameshapasuka.

"Mchwa hawakusomewa amri," Mzee Sauti alisema, kisha akajuta kusema.

Mama Pasi alilifikia koti. Alilishika begani, kwa vidole viwili, kama anavyoshika nguo ya mteja anayoiogopea. Bega likabaki mkononi mwake. Sehemu nyingine ilijikunja polepole ikashuka ukutani, ikawa vumbi kama vumbi jingine. Msumari ulibaki.

Kwa hiyo mumewe alikuwa ameondoka siku nyingi. Muda wote ule yeye akinyoosha nguo kibarazani na kusikiliza, kule ndani alikuwa anaondoka, kidogo kidogo, bila kelele, kama alivyokuwa akitoka asubuhi ili asimwamshe.

Aliketi chini, mgongo ukutani, kipande cha koti mapajani. Wifi alisimama, akamtazama, kisha naye akakusanya nguo zake akaketi kando yake kwenye vumbi.

"Sogea," wifi alisema. "Jua linanichoma."

Mama Pasi akasogea. Walikaa hivyo mpaka mwanga ulipotoka dirishani. Mzee Sauti alikuwa ameipata redio yake, ya bati, mchwa wameshindwa nayo. Aliikumbatia, akawaaga kwa sauti ndogo ambayo hawakuwahi kuijua kwake.

Cherehani iliingia chumba cha kati. Msumari uliachwa, na Mama Pasi alifagia yeye mwenyewe, kwa siku kadhaa, hakutaka kusaidiwa. Kipande cha bega la koti alikifua kwa uangalifu, akakinyoosha kwa pasi iliyopoa nusu, akakiweka kwenye mfuniko wa bakuli lake la maji. Sare ya nesi wifi aliishonea mkono mpya, na nesi hakugundua. Mafaili hayakumjia tena usingizini. Zilimjia ndoto nyingine, fupi, zisizo na mahakama, na katika moja yao mumewe alipita barabarani na waya mkononi, akamwinulia kofia, akaenda zake.

Alasiri moja, mlango wa kati uko wazi, cherehani inanguruma, simu ililia mezani. Alibonyeza kwa kifundo cha kidole.

"Wahusika wa shauri la chumba," ilisema sauti ya Mzee Sauti, kutoka mezani na kutoka chini ya dirisha, kwa pamoja. "Shauri lenu limefungwa kwa maelewano. Hakuna cha kubonyeza."

Mama Pasi alikuwa ameshaweka pasi pembeni, juu ya kigae chake safari hii, na kunyoosha mgongo.

Cherehani ilinyamaza. "Fanya kazi, wifi," sauti ilitoka kule ndani. "Hakuoni."

"Najua," alisema Mama Pasi, na aliendelea kusimama mpaka mzee alipomaliza.